Kutoka Kabaa hadi Mang'u: Kukua kwa Shule ya Sekondari ya Kikatoliki Nchini Kenya na Nafasi ya Kiswahili Ndani Yake

Utangulizi

Historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kama historia ya majengo, mitihani na watu mashuhuri. Ni mara chache ambapo imeandikwa kama historia ya lugha. Hata hivyo, shule ya bweni ni mahali pa lugha kabla ya kuwa mahali pa jambo lingine lolote. Mwalimu hutoka nchi moja, mwanafunzi nyingine, mpishi nyingine, na kitabu huandikwa mbali na wote watatu. Ni lazima wapatane juu ya neno kabla ya kupatana juu ya somo.

Makala haya yanakusudia kueleza asili na ukuaji wa shule moja ya Kikatoliki, ile iliyoanzishwa Kabaa, Machakos, mwaka 1925 na ambayo leo inajulikana kama Shule ya Upili ya Mang'u, karibu na mji wa Thika. Shule hii imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni miongoni mwa shule za kwanza za Kikatoliki nchini Kenya kutoa elimu ya sekondari kwa Waafrika. Pili, ilipokea wanafunzi kutoka maeneo ya mashirika mbalimbali ya kimisionari, na kwa hiyo ilikuwa shule ya lugha nyingi tangu mapema. Tatu, njia iliyopita ndiyo iliyofuatwa baadaye na shule changa katika sehemu nyingine za nchi, zikiwamo zile za nchi ya Wakipsigis, tangu milima ya chai ya Kericho hadi Sigor katika Chepalungu. Swali linaloongoza mjadala huu ni jepesi kulitaja ingawa ni gumu kulijibu: shule ya namna hii ilikuwa mali ya nani, na ilisema kwa lugha gani?

Chimbuko la pwani

Mapadri walioanzisha shule ya Kabaa walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika hili halikuanzia kazi yake bara, bali pwani. Baada ya kuingia Unguja katika miaka ya 1860, lilifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na huko likakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani. Watu hao walikuwa wametekwa katika nchi nyingi tofauti, na kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha karakanani, shambani na kanisani. Kwa hiyo elimu ya Kikatoliki katika sehemu hii ya Afrika ilikuwa na uhusiano na Kiswahili tangu mwanzo, si kwa sababu ya mapenzi ya mtu fulani, bali kwa sababu ya mahitaji.

Mazingira hayo ya pwani yalizaa pia kazi kubwa ya kitaalamu. Padri Charles Sacleux wa shirika hilohilo, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1879 na kuishi huko kwa karibu miaka 20, alikusanya msamiati wa Kiswahili pamoja na lahaja zake kwa uangalifu ambao wanaisimu wanauheshimu hata leo. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, yaani katika miaka ileile ambapo shule ya Kabaa ilikuwa inahamia Mang'u. Jambo hili lastahili kutiliwa maanani. Shirika moja lilikuwa likitoa kazi kubwa mno ya kamusi ya Kiswahili na, wakati huohuo, likiendesha shule ya sekondari ambamo Kiingereza ndicho kilichokuwa ufunguo wa kila mlango.

Kutoka pwani mapadri walipanda bara kwa kufuata njia ya reli. Mwaka 1899 walijenga misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi, mji uliokuwa bado kambi ya wajenzi wa reli. Nairobi na Ukambani, pamoja na sehemu ya Kiambu, ziliwekwa chini ya Vikarieti ya Kitume ya Zanzibari, na zikabaki humo hadi mwaka 1953, Nairobi ilipofanywa Jimbo Kuu. Hivyo mtoto wa Kabaa, aliyekuwa hajaona bahari, alikuwa chini ya askofu mwenye cheo cha Zanzibari. Cheo hicho kilikuwa kumbukumbu ya njia ambayo dini, herufi na Kiswahili cha kuandikwa vilipitia kufika bara.

Kabaa na mwaka 1925

Mwaka 1925 Padri Michael Witte, Mholanzi, alianza shule Kabaa. Mwaka huo haukuwa wa bahati nasibu. Mwaka uliotangulia, yaani 1924, Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imezunguka Afrika ya Mashariki chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones, akiwamo ndani yake Mwafrika mashuhuri kutoka Gold Coast, J. E. K. Aggrey. Tume ilipendekeza serikali na misheni zishirikiane katika elimu, lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini, na lugha ya Ulaya ishike nafasi katika madarasa ya juu. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wake wa siasa ya elimu katika Afrika ya kitropiki, ambao ulikubali msimamo huo. Tangu hapo misheni iliyokuwa na shule nzuri iliweza kupata msaada wa fedha za serikali, mradi ikubali kukaguliwa.

Ushindani wa madhehebu nao ulikuwa na sehemu yake. Mwaka 1926 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Alliance High School huko Kikuyu. Kwa Wakatoliki lilikuwa jambo la wazi kwamba, kama hawangekuwa na shule ya kiwango hicho, vijana wao wangekwenda kwa wengine au wangebaki nyuma. Upande wa magharibi, ambako walifanya kazi Wamisionari wa Mill Hill, shule ya Mtakatifu Mariamu ya Yala ilianza mwaka 1927. Uganda ilikuwa imetangulia mbali: Namilyango ilianza mwaka 1902, na Chuo cha Mtakatifu Mariamu cha Kisubi kikafuata baada ya miaka michache. Kwa hiyo Kabaa ilizaliwa katika mashindano, na mashindano hayo yaliipa kasi.

Msukumo mwingine ulitoka Roma. Arthur Hinsley, aliyetumwa kuzikagua misheni za Kikatoliki katika makoloni ya Kiingereza barani Afrika, alikutana na maaskofu huko Dar es Salaam mwaka 1928. Ushauri wake ulikuwa mkali na wa wazi: washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na pale wasipoweza kufanya yote mawili, waache kanisa lisubiri wakamilishe shule. Maneno hayo yaligeuza mpango wa kazi. Shule, ambayo hapo awali ilikuwa mlango wa kuingilia kanisani, sasa ilihesabiwa kuwa kazi yenye thamani kwa yenyewe. Mwalimu mwenye cheti alianza kuchukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya katekista.

Mgawanyo wa lugha

Mtu akitazama maisha ya shule ya misheni ya wakati huo, ataona kwamba lugha hazikuchanganyika ovyo. Kila moja ilipewa kazi yake, na ngazi yake ya heshima ilijulikana.

Kilatini kilikuwa lugha ya altare. Mwanafunzi aliitikia Misa kwa maneno ambayo aliyakariri kabla ya kuyaelewa. Kiingereza kilikuwa lugha ya darasa la juu, ya mkaguzi, ya mtihani na ya kazi ya mshahara. Lugha ya mama, iwe Kikamba, Kikikuyu au Kijaluo, ilikuwa lugha ya katekisimu ya utotoni na ya barua ya nyumbani. Kiswahili hakikuwa na mahali palipotengwa rasmi kama hizo nyingine, lakini kilipatikana kila mahali: jikoni, shambani, katika biashara na katika mazungumzo ya watu wasioelewana kwa lugha za kwao.

Mgawanyo huu ulikuwa na madhara ya kudumu. Lugha isiyopimwa katika mtihani hudharauliwa, hata kama ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Katika shule nyingi za Kenya ya kikoloni, na hata baada ya uhuru, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni au alipewa adhabu nyingine ya aibu. Adhabu hiyo ilimfundisha jambo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote wa masomo, kwamba akili hukaa katika lugha moja tu.

Hata hivyo itakuwa kosa kuwaona wamisionari wote kuwa maadui wa lugha za Kiafrika. Wengi wao walizijua lugha hizo vizuri kuliko maofisa wa serikali, wakaziandikia sarufi, kamusi na vitabu vya sala. Tatizo halikuwa chuki bali mgawanyo wenyewe: lugha ya Kiafrika ilithaminiwa kama chombo cha kumfikia mtu, siyo kama chombo cha kumfikisha mbali. Katika jambo hili misheni na serikali zilikuwa na fikira moja.

Kuhamia Mang'u

Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 shule ya sekondari iliondolewa Kabaa ikapelekwa Mang'u, katika nchi ya Wakikuyu, ambako mapadri walikuwa na misheni ya tangu zamani. Jina lake la heshima, Holy Ghost College, lilihama nayo. Kabaa haikufa, iliendelea na elimu ya ngazi nyingine, na mpaka leo kuna shule ya upili yenye jina hilo. Lakini uzito wa elimu ya juu ulihamia Mang'u, karibu na Nairobi na karibu na barabara kuu.

Katika miaka ya 1940 shule za Waafrika zilizoweza kumfikisha mwanafunzi kwenye cheti cha Cambridge zilikuwa chache mno nchini Kenya. Mang'u ilikuwa moja ya hizo. Uchache huo ndio unaoeleza kwa nini shule hii ilipata wanafunzi kutoka mbali. Mfano wa vijana wawili unatosha kuonyesha jambo hili.

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mjaluo kutoka Rusinga, alikuwa mfanyakazi. Alisoma Kabaa, katika Ukambani, kisha akapelekwa Yala kwa Wamisionari wa Mill Hill, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Mtoto huyu alikuwa amepitia mazingira ya lugha nne kabla ya kutimiza miaka 20. Lakini njia yake shuleni ilikatika mwaka 1947 kwa sababu ya karo. Familia haikuweza kumlipia aendelee hadi cheti cha Cambridge, naye akaenda Nairobi kusomea kazi ya ukaguzi wa afya. Baadaye, katika siasa ya vyama vya wafanyakazi, umahiri wake wa kuwahutubia watu wa makabila mengi kwa Kiswahili ulikuwa silaha yake kubwa. Silaha hiyo hakuipata katika mtihani. Aliipata katika mashamba ya mkonge na mitaani Nairobi. Na yafaa kukumbukwa kwamba huyu aliyekatiwa masomo kwa ajili ya karo ndiye aliyeongoza mpango wa mwaka 1959 wa kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege.

Mwai Kibaki alitoka upande mwingine. Nyeri lilikuwa eneo la Wamisionari wa Consolata kutoka Italia, na huko alisoma Karima na Mathari kabla ya kuingia Mang'u mwaka 1947. Alimaliza mwaka 1950 kwa matokeo ya juu kabisa, akaenda Makerere, na kutoka huko London. Vijana hawa wawili walikutana katika shule moja, mmoja akitokea kwa Mill Hill na mwingine kwa Consolata, katika shule ya Shirika la Roho Mtakatifu. Mipaka ambayo Roma iliyachorea mashirika ilivunjwa na uhaba wa shule. Mahali ambapo mipaka ya namna hiyo inavunjwa, ndipo lugha ya kuunganisha inapohitajiwa.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo hadhi ya Kiswahili katika shule za Kenya ilianza kushuka. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa imesanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia mawazo yalibadilika. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1953 na 1955, iliona kwamba kuwafundisha Kiswahili watoto walioanza masomo kwa lugha nyingine za Kiafrika ni kupoteza wakati na juhudi. Maoni hayo yalitolewa wakati wa Hali ya Hatari, shule huru za Wakikuyu zikiwa zimekwisha kufungwa, na katika miaka ambamo Kiswahili kilikuwa kinawaunganisha wafanyakazi na wanasiasa kuliko wakati mwingine wowote. Hapana shaka kwamba uamuzi wa lugha ulikuwa pia uamuzi wa siasa.

Nchi ya Wakipsigis

Wakati Mang'u inakua, hali katika nchi ya Wakipsigis ilikuwa tofauti. Eneo hilo, ambalo wakati wa ukoloni lilihesabiwa katika Jimbo la Nyanza, lilifikiwa kwanza na misheni za Kiprotestanti: Africa Inland Mission huko Litein, na World Gospel Mission huko Tenwek. Serikali nayo ilifungua shule ya Kabianga mwaka 1925, mwaka uleule wa Kabaa. Katika miaka ya 1940 nchi hiyo haikuwa na shule kamili ya sekondari ya Kikatoliki. Kijana Mkatoliki aliyetaka cheti cha sekondari ilimlazimu kutazama nje ya nchi yake.

Wakati huohuo, tangu katikati ya miaka ya 1920, makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalikuwa yakigeuza nyanda za Kericho kuwa mashamba makubwa. Wachuma chai walitoka sehemu nyingi, Wajaluo, Wagusii, Waluhya na wengineo, na lugha ya shamba ikawa Kiswahili. Kwa hiyo katika nchi ya chai Kiswahili kilifika kwa njia ya kazi, si kwa njia ya shule. Kilijulikana kuwa lugha ya msimamizi na ya duka kabla hakijajulikana kuwa lugha ya kitabu. Jambo hili linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini baadhi ya wazazi, hata baada ya uhuru, hawakuona haja ya mtoto kulipiwa karo ili akajifunze lugha ambayo mchuma chai anaijua bure.

Ukosefu wa shule nyumbani ulileta pia tokeo lisilotazamiwa, na tokeo hilo ni la kiisimu. Vijana wa Kipsigis, Nandi, Tugen, Keiyo na wenzao walikutana huko Alliance, mbali na kwao, wakatambua kwamba lugha zao zinasikilizana. Ni miongoni mwa wanafunzi hao wa miaka ya 1940 ambapo jina Kalenjin, lenye maana ya "nakuambia", lilianza kushika, likasaidiwa na matangazo ya redio ya wakati wa vita. Shule ya sekondari iliyokusudiwa kufundisha Kiingereza ilikuwa imezaa jina la jamii ya lugha. Baadaye Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, aliziandikia lugha hizo uchunguzi wa kiisimu. Mfano huu unaonyesha kwamba shule hufanya kazi ambazo waanzilishi wake hawakuziandika katika mpango.

Uhuru na swali la mwenyewe

Baada ya mwaka 1963 swali la mwenyewe wa shule lilikuja juu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu iunganishe taifa, na shule zisiwe tena chombo cha dhehebu. Mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa, na walimu wakawa waajiriwa wake badala ya waajiriwa wa kanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaondoa uendeshaji wa shule mikononi mwa makanisa na kuuweka chini ya halmashauri, huku kanisa likibaki na cheo kipya cha mfadhili. Neno hili lina historia ya kuvutia. Mwenye shamba, majengo na jina la shule, ambaye jana alikuwa mwenyewe, leo aliitwa mfadhili, yaani mtu anayesaidia kwa hisani. Neno moja lilihamisha mamlaka.

Yafaa kulinganisha hatua hiyo na ile ya Tanzania. Huko, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za mashirika ya dini, zikiwamo Mtakatifu Mariamu ya Tabora na Mtakatifu Fransisko ya Pugu, ambako Julius Nyerere mwenyewe alifundisha. Alikuwa Tabora kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Pugu aliacha kazi mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Tanzania ilizifanya shule hizo za serikali kabisa. Kenya ilichagua njia ya kati: serikali ilishika mshahara, mtaala na mtihani, na kanisa likabakiwa na maadili, kapela na sauti katika halmashauri. Ubishi juu ya mipaka ya sauti hiyo haujakwisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 bado inautaja mfadhili na kueleza kazi zake, ishara kwamba jambo lililoanza mwaka 1968 lingali linahitaji kuelezwa.

Kanisani kwenyewe mabadiliko hayakuwa madogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa tamko lake la mwaka 1963 juu ya liturujia, uliruhusu lugha za watu kutumika katika Misa. Katika kapela za shule za mchanganyiko wa makabila, lugha moja ya Kiafrika isiyompendelea mwenyeji wala kumtenga mgeni ilikuwa Kiswahili. Ndivyo ilivyotokea kwamba lugha iliyokuwa ya jikoni ilipanda hadi altareni kabla ya kupanda hadi chumba cha mtihani.

Mang'u ilihamia mahali pake pa sasa mwaka 1972. Ilikwisha kuwa shule ya taifa iliyosifika hasa kwa sayansi na hisabati, na hata kwa somo la urubani na ufundi wa ndege, jambo la nadra katika shule za sekondari. Miongoni mwa waliopita humo alikuwa George Saitoti, mwanahisabati aliyefikia cheo cha Makamu wa Rais. Kwa nje shule hiyo haikuwa tena shule ya misheni. Kwa ndani, desturi za kengele, sala, usafi na kazi ya mikono zilibaki kuwa alama ya asili yake.

Katika sehemu zilizochelewa, kama nchi ya Wakipsigis, ukuaji ulichukua sura nyingine. Baada ya uhuru shule nyingi za Kenya zilianzishwa kwa nguvu za Harambee. Wazazi walitoa ng'ombe, mahindi na siku za kazi, wakajenga madarasa, kisha wakaomba serikali itoe walimu na kanisa likubali kuwa mfadhili. Kericho iliwekwa katika Jimbo Katoliki la Nakuru, lililoundwa mwaka 1968, hadi lilipopata jimbo lake mwaka 1995. Kabaa ilianza na padri, ikatafuta wanafunzi. Shule ya Harambee ilianza na wazazi, ikatafuta mfadhili. Mtazamaji wa Sigor na vijiji vya Chepalungu, kusini ya maeneo ya chai, akiuliza shule ni ya nani, hana budi kuhesabu kwanza jasho la mzazi.

"Jishinde Ushinde"

Wito wa shule ya Mang'u ni maneno mawili ya Kiswahili: "Jishinde Ushinde". Katika nchi ambamo shule nyingi zenye sifa zilichagua Kilatini au Kiingereza kuwa lugha ya nembo, uteuzi huu wastahili uchunguzi wa mwanaisimu.

Neno la kwanza ni amri yenye kirejeshi ji-, na kwa kuwa limetanguliwa na kiambishi cha mtendwa, kitenzi kinachukua tamati -e, kama katika "nipe" au "mpende". Neno la pili lina tamati hiyohiyo, lakini kazi yake ni nyingine: linaeleza kusudi, yaani "ili ushinde". Kama wito ungesema "Jishinde utashinda", ungekuwa ahadi. Ulivyo sasa hauahidi kitu. Unampa mwanafunzi kazi na shabaha, na kumwachia mwenyewe matokeo. Muundo huu si wa kigeni katika Kiswahili. Methali husema "Tenda wema wende zako", na tena "Funika kombe mwanaharamu apite": amri mbele, kusudi nyuma. Wazo la mtu kujishinda nafsi ni la kale katika mafundisho ya watawa wa Ulaya, lakini Kiswahili kimelipokea katika muundo wa methali zake, kwa kitenzi kimoja kilichorudiwa. Msikilizaji asiyejua asili ya wazo atadhani ni usemi wa pwani.

Hivyo nembo ya shule ilisema kile ambacho darasa halikusema. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa kwenye beji ya mwanafunzi na hakikuwa na uzito sawa katika cheti chake. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka lugha hiyo iwe ya lazima na itahiniwe. Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na kwa mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Wazazi wa nchi ya chai waliokuwa wakidhani kwamba Kiswahili hujifunzwa bure walilazimika kukinunulia vitabu. Tangu hapo mwalimu wa Kiswahili alipata heshima katika chumba cha walimu ambayo hakuwa nayo zamani.

Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza katika historia hii. La kwanza ni kwamba shule ya sekondari ya Kikatoliki nchini Kenya haikuwa tunda la mpango mmoja. Ilitokana na mahitaji ya kanisa, fedha za serikali, ushindani wa madhehebu na kiu ya wazazi, na kila mmoja wa hao aliidai kuwa yake. Sheria ya mwaka 1968 haikumaliza madai hayo. Iliyapa majina mapya.

La pili ni kwamba sera ya lugha shuleni haikufuata wingi wa wasemaji, bali ilifuata mtihani. Lugha ilipotahiniwa ilipata vitabu, walimu na heshima. Isipotahiniwa ilibaki hai nje ya darasa tu. Hili ni onyo kwa wakati huu ambapo mfumo wa 8-4-4 unapisha mtaala mwingine. Watetezi wa Kiswahili, na vilevile wa lugha za mama kama Kikipsigis, watafanya vyema kutazama kwanza mahali pa lugha hizo katika upimaji, kabla ya kuridhika na sifa zinazotolewa katika hotuba.

La tatu lahusu watu. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa, na kifungu chake cha 7 kikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Rais aliyeitia saini alikuwa Mwai Kibaki, aliyefaulu Mang'u mwaka 1950 katika mtihani uliotungwa Cambridge kwa Kiingereza. Mwenzake wa shule, Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, alitolewa shuleni na karo kabla ya kuufikia mtihani huo. Mmoja aliinuliwa na Kiingereza cha darasani, mwingine aliinuliwa kwa sehemu kubwa na Kiswahili cha mitaani. Shule ileile iliwalea wote wawili, lakini ilikuwa na cheti kwa mmoja tu. Pengo hilo kati ya lugha inayofanya kazi na lugha inayotoa cheti ndilo ambalo shule za leo, za Thika na za Sigor, zimerithi.